Milango Tuliyoipaka Rangi Ujiji

Ujiji, Kigoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mbukwenyi nyote hapo nyumbani. Barua hii nimempa mke wa mwalimu mmoja wa kwetu anayesafiri kwa treni na atashuka Gulwe, kwa hiyo naamini itakufikia mapema kuliko ya posta. Mimi mzima. Ile homa niliyokuandikia iliniachia baada ya siku nne na sasa nakula vizuri. Goti lako linaendeleaje? Yona aliniandikia kwamba bado unakwenda kanisani kwa miguu na hutaki kubebwa kwa baiskeli. Mlenda uliokausha umefika salama. Naupika na dagaa wa huku, na mama mwenye nyumba wangu anaula akikunja uso, kisha anaomba tena.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema kaka Yona amenitafutia nafasi wilayani na fomu ya uhamisho umeitia ndani ya bahasha. Unasema umesikia redioni habari za vita ng'ambo ya ziwa na wakimbizi wanaovuka kila wiki, na unaniuliza nimebaki huku kwa ajili ya nani. Swali hilo sitaki kukujibu kwa mstari mmoja. Kaa vizuri, Mama, umwambie Yona akusomee polepole na asiruke kitu, hata pale ninapojisema vibaya.

Nilipofika hapa, mtaa wa soko la zamani ulikuwa umekufa. Ni safu ya maduka yenye mabaraza marefu na milango ya mbao mizito, karibu na msikiti. Wanasema zamani ulikuwa hupiti bila kugongana mabega. Wakimbizi walipoanza kuja kwa wingi na kambi zikafunguliwa huko njia ya Kasulu, wachuuzi wengi walifuata wateja. Wengine walihamia Kibirizi kwenye mialo ya dagaa, na wengine mjini Kigoma. Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Kisha ikavumishwa kwamba mabarazani wanalala watu wasiojulikana, na wanawake wakaacha kupita hata mchana. Halmashauri ikatangaza kwamba kama mtaa hautakuwa na biashara hadi mvua zianze, safu yote itabomolewa na kiwanja apewe tajiri mmoja ajenge ghala. Mimi, kama Bibi Maendeleo wa kata, nikaambiwa nifanye ninachoweza, na kwa sauti waliyoniambia nilielewa kwamba hakuna aliyetegemea kitu.

Nilianza na Bi Zuhura. Ni mjane wa makamo yako, mrefu, mwenye macho makali, na ufunguo wa duka la marehemu mume wake aliyekuwa akiuza vitambaa ameufunga kwenye pindo la kanga. Nilimwomba afungue duka ili akina mama wapate mahali pa kufanyia kazi za mikono. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mimi ni mtu wa kuja, nitaondoka kama walivyoondoka wenzangu, na yeye atabaki na aibu ya kufungua duka lisilo na kitu.

Sikubishana naye. Alhamisi iliyofuata nilinunua ukindu, nikaenda kukaa peke yangu kwenye baraza la duka lake nikijaribu kusuka mkeka. Unajua mikono yangu, Mama. Nilisuka kitu kilichopinda kama njia ya ng'ombe. Alhamisi ya pili Bi Zuhura alipita akitoka kwa jirani, akasimama, akatazama, akaondoka. Ya tatu hakuweza kuvumilia. Aliketi, akaninyang'anya kile nilichokisuka, akakifumua chote na kuanza upya. Wiki chache baadaye tulikuwa wanawake kumi na mmoja, na baadhi yao walikuwa hawajakanyaga mtaa ule tangu wachuuzi waondoke. Waha wananiamkia "mwakeye" nami najibu vibaya, wanacheka, tunaendelea kusuka.

Lakini wanawake kumi na mmoja kwenye baraza moja hawajafanya mtaa. Ndipo nikampata Ramazani. Ni mkimbizi kutoka Baraka, ng'ambo, mtu mpole mwenye mke mjamzito, wakati ule akiishi kwa ndugu yake huko mtaa wa Rusimbi. Nilimkuta Kibirizi akiandika majina kwenye mitumbwi kwa rangi zilizobaki za watu. Herufi zake zilikuwa zimenyooka kuliko za bango la ofisi yetu. Nikamweleza wazo langu kwamba kila mlango uliofungwa uchorwe kile kilichokuwa kikiuzwa ndani yake, ili wenyewe waje kuuona. Alifikiri kidogo akaniuliza nani atamwambia nini kilikuwa kinauzwa. Nikamwambia itabidi tuwaulize watu, na yeye akasema basi kazi yenyewe ndiyo hiyo, kuchora ni rahisi.

Bi Zuhura hakutaka. Alisema wakimbizi ndio waliouua mtaa, na sasa namleta mmoja aupake rangi. Ramazani hakujitetea. Alimuuliza tu mume wake alikuwa akikaa upande gani wa meza, na kitambaa alikipima vipi. Bi Zuhura akajibu kwa mkato, kisha kwa maneno mengi zaidi, mpaka akawa anasimama na kuonyesha kwa mikono jinsi marehemu alivyokuwa akilivuta jora na kulipima kwa ubao. Alikataza uso usichorwe. Ramazani akachora majora ya vitambaa yamepangwa, na mkono mmoja ulioshika ubao wa kupimia, kidole cha shahada kikiwa kimekatika ncha, kama alivyoambiwa.

Bi Zuhura alisimama mbele ya ule mlango muda mrefu. Halafu akasema taratibu, "Ni mkono wake." Akafungua pindo la kanga na kufungua duka.

Habari zilienea mji mzima. Watu walikuja kutazama, kisha wakaanza kubishana kwenye mabaraza. Fundi viatu alikuwa mlango wa tatu au wa nne? Yule aliyeuza sabuni za mawese alikuwa akizikata kwa uzi au kwa kisu? Wazee waliokuwa hawatoki nyumbani waliletwa na wajukuu wao kutoa ushahidi. Mama mmoja akaanza kuuza chai kwa sababu wanaobishana hukaukiwa koo. Mwingine akaleta maandazi. Fundi viatu mwenyewe, aliyekuwa amejifungia kwao mwaka mzima, alikuja kuona mlango wake umechorwa makubazi, na Jumatatu akarudi na nyundo. Milango mitano ilikwisha hivyo.

Wa sita ulikuwa wa muuza samaki wakavu. Ramazani alikuwa amefika nusu ya migebuka aliyokuwa akiichora alipokuja kuchukuliwa. Kulikuwa na msako wa wakimbizi wanaoishi nje ya kambi bila kibali. Askari walimkuta na brashi mkononi, wakamwambia apande lori, akapanda. Mke wake naye walimchukua kule Rusimbi.

Sasa hapa ndipo ninapojisema. Kibali kile ningeweza kumwombea tangu mwanzo. Nililijua sharti hilo. Niliona kuandika barua kutaamsha maswali na kuchelewesha kazi, nikasema nitaandika baadaye, na nikaendelea kumtumia mtu hadharani, mtaani, mchana kweupe. Nilipokwenda ofisini kumuulizia, karani aliniambia kazi yangu ni vikundi vya akina mama. Nikarudi mtaani nikakuta hakuna mtu. Hata muuza chai hakuja, kwa kuogopa msako mwingine. Nilikwenda nyumbani, nikachukua fomu yako, Mama, nikaijaza yote mpaka kwenye sahihi. Yona alikuwa amenisaidia hata kuandika jina la wilaya.

Asubuhi yake, kabla sijaipeleka, Bi Zuhura alibisha hodi. Alikuwa amebeba ukindu wake. Hakuniuliza hali, alisema tu nivae viatu. Tukaenda wote mpaka ofisi inayoshughulika na wakimbizi, akakaa kwenye benchi la mapokezi na kuanza kusuka. Tuliambiwa mkubwa hayupo. Yeye akaendelea kusuka. Siku ya pili tukarudi, ikawa vilevile, na siku hiyo wanawake wengine wanne wakajiunga nasi wakakaa sakafuni, wamejaa mlangoni hata makarani wanaruka ukindu wakipita. Siku ya tatu mkubwa mwenyewe alitoka nje. Ni mtu wa kuja kama mimi, si mtu mbaya, amechoka tu. Alimwita Bi Zuhura mama kwa heshima, akamuuliza anataka nini.

Bi Zuhura alimwambia amekuja kumwombea fundi wake. Yule bwana akaeleza sheria, kwamba mkimbizi anakaa kambini, na nani atawajibika akipotea.

"Mimi," alisema Bi Zuhura. "Babu yangu alikuja kwa mtumbwi kutoka huko huko anakotoka yeye. Hakuna aliyemwandikia kibali, na leo mnaniita mwenyeji."

Yule bwana akaniangalia mimi, akauliza kwa nini sikuandika barua tangu mwanzo. Nikamwambia ukweli, kwamba nilizembea. Akaniambia niandike sasa, pale pale, mbele yake. Niliandika, nikamkabidhi. Alitoa kibali cha wiki mbili kwa Ramazani peke yake, kurudi kambini siku ya kumi na nne bila kukosa.

Alikuja amekonda. Mke wake alikuwa amejifungua kambini, mtoto wa kike, salama. Nilimwomba msamaha. Akasema tusipoteze mchana. Siku hizo kumi na nne hakumaliza milango mwenyewe. Aliwafundisha wanawake kuchanganya rangi, kupima mlango kwa kamba, kuanza na chaki. Alimaliza migebuka tu, na milango mingine yote akaichora kwa chaki, wanawake wakaijaza rangi. Siku ya kumi na nne nilimsindikiza mpaka kambini mimi mwenyewe, nikamkabidhi kwa jina lake, nikamwona mwanawe.

Kamati ya Halmashauri ilipita Jumamosi iliyopita. Ilibidi washuke kwenye gari kwa sababu lilikosa pa kupita. Maduka tisa yako wazi. Mwenyekiti alinunua mkeka. Hawajaniambia tumeshinda, lakini tajiri wa ghala ameonyeshwa kiwanja kingine, na sisi tumepewa mwaka.

Kwa hiyo, Mama, fomu nimeichana. Nisamehe, na umwombe Yona anisamehe, najua alihangaika. Nina barua nyingine ofisini ya kumwombea Ramazani kibali kirefu, awe na familia yake, na safari hii niliiandika kabla ya kitu kingine chochote. Wakiikataa nitaandika tena, na Bi Zuhura tayari ana ukindu wa kutosha. Likizo nitakuja, nitakaa mwezi mzima, utanichoka.

Nisalimie kaka Yona na wifi yangu, mama mdogo wa Kongwa akija mnadani, mjomba anayechunga ng'ombe wa babu, na mchungaji wetu. Yule binti wa jirani aliyefaulu mtihani mwambie nimefurahi sana.

Huko nyumbani naomba mvua iwahi, shamba lako lisikauke kama mwaka jana. Huku niombee ichelewe siku chache tu. Kuna milango miwili rangi yake bado mbichi.

Mwanao anayekupenda,
Perusi