Bi Mdogo Ameimba, Mwalimu Bomba

Ni mwaka mmoja sasa tangu nyumba hii inyamaze, baba watoto. Wanafunzi wako wa chuo cha ufundi bado wanakuita Mwalimu Bomba, na hawajaamua kama ni kwa sababu ya bomba lako au kwa sababu ulikuwa bomba kweli.

Tunakumbuka upole wako. Mtoto akiuliza swali la kipuuzi, ulivuta kiti kwanza, ndipo ukajibu. Lakini Jumamosi zako zilikuwa za yule mwingine: bomba la chuma lililozibwa upande mmoja, lenye wavu mwembamba tumboni. Halikuwa na pistoni wala betri, ila ukilipasha moto liliimba. Ulilifuta vumbi kwa utaratibu ambao mimi niliusubiri mezani. Nikaliita Bi Mdogo. Ukacheka, jina likabaki.

Ulipotuacha nilitaka aniimbie mara moja tu, kisha nimpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikawasha jiko lako la gesi, nikaongeza moto mpaka bomba zima likawa halishikiki. Kimya. Nikamwambia dada yako kwamba mwenzangu anakuimbia wewe tu. Akasema, "Wifi, na yeye ni mjane. Mvumilie."

Mwezi uliopita, nikimtia kwenye gunia, niliona nyuzi za kitambaa zimegandamana shingoni mwake, mbele kidogo ya wavu. Za buluu na nyeupe. Vitambaa vyangu vya kufutia vyombo, vile nilivyowagombeza watoto kwamba wanavipoteza! Ndipo nikakumbuka maneno yako ya mezani, ambayo nilikuwa najifanya siyasikii: "Moto peke yake hauimbi, mama watoto. Upande mmoja uungue, wa pili upoe. Hewa inatanuka huku, inajikunja kule. Kwenda na kurudi kwake ndiyo sauti."

Nikalowesha kitambaa, nikamzungushia shingoni palepale. Nikapasha nyuma ya wavu tu, upande uliozibwa. Akaimba kwa sauti nene, vikombe vikatetemeka kabatini. Watoto walikuja mbio wakidhani umerudi.

Wivu haujaisha. Ila haendi kwenye vyuma chakavu. Kumbe miaka yote aliimba amevaa nguo yangu.

Unakumbukwa na mkeo, wanao, dada yako, shemeji zako, wanafunzi wa karakana, na Bi Mdogo, tuliyemtaja mwisho kwa makusudi.

Daima tutakukumbuka. Kitambaa nitakilowesha mimi.