Gari la gesi la mjomba Deo

Jumamosi jioni. Asubuhi kulikuwa na ukungu, halafu jua likawaka ghafla kama mtu aliyechelewa kazini. Viganja vinaniuma kwa sababu ya jembe la umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima, lakini sitaki kulala kabla sijaandika.

Leo nimeongea mbele ya watu.

Wanaonifahamu watadhani natania. Mimi ndiye yule ambaye darasani akijua jibu huliandika pembeni mwa daftari, akasubiri mwingine alitaje.

Nianze mwanzo. Mjomba Deo, kaka yake mama, ni dereva wa teksi Dar es Salaam. Wiki hii amekuja kututembelea hapa Batsinda, Kigali, na gari lake linalotumia gesi asilia. Linatumia petroli pia, na karibu na usukani kuna kitufe cha kubadilisha. Ndani ya buti umelala mtungi mnene wa chuma. Tangu afike, kazi yake ni kulisifu: gesi ni nafuu, haitoi moshi mweusi, injini inabaki safi. "Tangu Dar halijaonja petroli," anamwambia kila anayepita.

Na kila anayepita anasogea nyuma kidogo. Kwa watu wa mtaa wetu, gesi ni ile ya kupikia, na ile tunaiogopa. Jana Mama Kevine, ambaye nyumba yake inatazamana na yetu, alimwambia mama kwamba atalipeleka jambo hili kwenye mkutano baada ya umuganda. Gari liondoke, likalale Masoro kwenye maghala, siyo mahali watoto wanapochezea. Mama aliingia ndani akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Kaka yake amesafiri kutoka Dar kuja kumwona, halafu afukuzwe na majirani?

Mimi nilijua kitu ambacho wengine hawakukijua.

Alhamisi mjomba alinipeleka shule. Tulipokuwa tunapanda kilima, niliona vitaa vya kijani vilivyo kando ya kile kitufe vimezimika vyote. Kimebaki kimoja, chekundu. Nikasoma habari zake kwenye simu ya mama. Maana yake mtungi umekwisha, gari linakwenda kwa petroli. Na sijui kituo hata kimoja hapa Kigali kinachowauzia wenye magari gesi hiyo. Inawezekana mtungi ulikwisha hata kabla ya mpaka. Sikumwambia mtu. Mjomba alikuwa na furaha mno na gari lake.

Mkutano ulifanyika kwenye nyasi, majembe yakiwa bado mikononi. Mjomba alikulia Tanzania, na Kinyarwanda chake kinaishia kwenye salamu. Akanivuta mkono: mimi ndiye mkalimani. Nilitamani ule mfereji tuliouchimba unimeze.

Mama Kevine alisimama akasema tunalala na bomu. Kijana mmoja mwenye pikipiki ya umeme akadakia, "Si anunue la umeme? Sisi huku tumeshahama!" Watu wakacheka. Kiongozi wa mtaa wetu, ambaye wote tunamwita Mudugudu, akauliza swali moja tu: huo mtungi una gesi au hauna?

Nikamtafsiria. Mjomba akainuka, kifua mbele. "Waambie umejaa tele! Waambie tangu Dar halijaonja petroli!"

Wote wakanitazama.

Nikilitafsiri hilo kama lilivyo, gari linaondoka leo leo. Nikisema ukweli, mjomba wangu anakuwa mwongo mbele ya mtaa mzima, tena kwa kinywa changu.

Nikamnong'oneza: "Mjomba, kitaa ni chekundu. Nilikiona Alhamisi. Niwaambie nini?"

Nilisahau kwamba nusu ya Batsinda inaelewa Kiswahili. Mzee mmoja aliyekulia Uganda aligeuka mwili mzima ili asipitwe na jibu.

Mjomba alinitazama. Nilidhani atanikaripia. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka, akaketi tena. "Sema, mwanangu. Sema yote."

Basi nikasema. Nikawaambia mtungi hauna gesi ya kuendesha gari, na kwamba huku hakuna pa kuujaza, ndiyo kasoro yake ya kwanza. Nikawaambia ni gesi ya jamii moja na ile inayotolewa ziwa Kivu kuzalisha umeme wetu, siyo ile ya jikoni. Hii ikivuja mahali pa wazi hupanda juu na kutawanyika. Ile ya jikoni huenda chini na kujikusanya sakafuni. Mtungi wa gari ni mnene, lakini lazima ukaguliwe kila baada ya muda, na asiyeukagua yuko hatarini kweli. Moshi wake ni mchache, ila gesi yenyewe ikivuja bila kuungua inachangia joto la dunia. Na kwenye vilima vyetu gari linapungukiwa nguvu kidogo.

Mjomba aliponiona nikionyesha kilima kwa mkono, akauliza, "Hapo unanisema vibaya, eti?"

"Kidogo, mjomba."

Mudugudu akaomba buti lifunguliwe. Watu wakasogea mmoja mmoja, na mjomba akawaonyesha kibandiko cha ukaguzi. Mama mmoja akachungulia sana, akauliza: "Sasa mizigo mnaweka wapi?"

"Magotini," nikasema. Walicheka mpaka Mama Kevine naye akacheka. Sikuwahi kuchekesha watu wengi hivyo kwa kukusudia.

Mudugudu akaamua: gari linabaki.

Nimekuwa nikijiuliza kama nilimwaibisha mjomba. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alitangulia mbele kwa hatua ndefu, nikaogopa. Mlangoni akamwambia mama, "Dada, huyu mtoto wako amenivua nguo halafu akanivalisha suti." Mama alicheka, akajifuta macho kwa khanga. Na yule kijana wa pikipiki? Swali lake sikulijibu, kwa sababu sina uhakika kwamba amekosea. Nitalisomea.

Najivunia. Naliandika neno hili bila kulifuta.

Sasa hivi nimechungulia dirishani. Mama Kevine yuko kibarazani na mwanawe, wanatoa mtungi wao wa gesi jikoni na kuuweka nje, penye hewa. Ameniona. Amepunga mkono, kisha akapaza sauti: "Mwalimu! Hapa panafaa?"

Nikafungua dirisha, nikamjibu kwa sauti.