Wekundu wa Chini ya Ukuta

Naliaka wa kukhu, mjukuu wangu,

Sisi wa Kitale tuko wazima. Shangazi yako ndiye anaandika ninavyosema. Ile picha ya ngome ya kale uliyotengeneza kwa kompyuta nimeonyesha kanisa zima! Lakini unauliza mbona ukuta unakaa bandia, na Ijumaa wakubwa wako wa kazini wanautazama. Mimi sikusoma, lakini macho ninayo: ni mweupe mpaka chini.

Nikiwa msichana Bumula, nilipaka nyumba yetu udongo mweupe. Asubuhi nikaona chini ni kwekundu. Nikabandua, nikapaka upya. Bado kwekundu! Mama akacheka: "Wewe, si hiyo ni ardhi nyekundu ya uani? Jua likiipiga, inarusha rangi ukutani."

Mwanga hupitia mahali kabla ya kufika. Weka ardhi yetu mbele ya ngome. Wakiuliza nani alikufundisha, usitaje chuo.

Kukhu wako