Verna Alivyoikosa Kura Yake

S.L.P. 41,
Halvor,
Dakota Kaskazini.
9 Machi 1999

Mpendwa binamu Ingunn,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye theluji. Nyonga yako inaendeleaje? Na mvua ya Bergen, bado haijachoka? Sisi tu wazima, ila kitambi changu sasa kinatangulia kuingia mlangoni, na mke wangu Darlene anasema ndicho kiungo changu pekee chenye bidii.

Nimekawia kuandika kwa sababu habari ni nzito. Dada yangu Verna ametutoka. Saratani ilimchukua Jumanne iliyopita, tukamzika Ijumaa ubavuni mwa mwanawe Kip.

Unakumbuka Kip alivyokufa, kijana wa miaka kumi na saba, akikimbiza lori la ngano ghalani bila kufunga mkanda. Mwaka uliofuata Verna akagombea useneta wa jimbo, na kwa miaka kumi na minane hakupigania kingine ila usalama wa barabarani: taa za njia panda, mabasi ya shule, mikanda. Wenzake walimwita Bibi Breki. Sheria ya mikanda aliipata, lakini sisi wakulima tulidai malori ya mavuno yaachwe, yakaachwa. Kwenye barua ya madai hayo, sahihi ya tatu ni yangu. Hakuwahi kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Mwezi uliopita alipeleka muswada wa kuufuta msamaha huo. Wakati huo hata ngazi hakuziweza. Kura ilikuwa ipigwe alasiri, na kule Seneti hupigi kura ila umeketi kitini mwako. Saa mbili asubuhi karani akapiga simu kwamba dhoruba inakuja, kwa hiyo watapiga saa tano. Ni maili mia na hamsini hadi mji mkuu wa jimbo. Nikambeba hadi garini.

Barabara ilikuwa kavu, haina mtu. Nikakanyaga mafuta. Akaniwekea mkono gotini.

“Lowell, mwisho ni maili hamsini na tano.”

Nikamwambia hakuna askari wala sungura, na kwa mwendo huo tutachelewa.

“Najua tutachelewa. Kip naye alikuwa anachelewa. Punguza, mdogo wangu.”

Nikapunguza.

Tulifika saa tano na dakika nane. Kura zilikuwa ishirini na tatu kwa ishirini na tatu, na kule sare ni kushindwa. Seneta Orrin Tveit, mpinzani wake wa miaka yote, aliposikia kilichotuchelewesha alikuja akapiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu cha Verna. “Bibi Breki,” akamwambia, “leo umejisimamisha mwenyewe.” Verna akacheka hadi akakohoa. Orrin ndiye aliyelia.

Baada ya mazishi, kwenye kahawa na viazi vya kuoka kanisani, kila mtu aliniambia dada yangu alikufa na msimamo wake. Nikaitikia kwa kichwa. Lakini kwako sitajitia ushujaa, Ingunn. Maili tano tu zaidi kwa saa zingetosha. Agosti mjukuu wangu Tessa ataanza kuendesha lori la ngano, na hakuna sheria ya kumfunga mkanda. Nilimtii dada yangu, au nilimwangusha mara ya pili? Nimemuuliza Darlene, nimemuuliza mchungaji. Nakuuliza na wewe.

Wasalimie mjomba Sverre na Gudny. Mungu awe nanyi mtokapo na mrudipo.

Ni mimi binamu yako, nikupendaye daima,
Lowell