Mama wa Ndoo ya Bluu

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta cherehani yako inalia na mgongo wako umenyamaza, maana siku ile kwenye simu ulisema vimebadilishana zamu. Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako ameota meno mawili ya chini na anayajaribu kwenye kila kitu, hata pembe ya karatasi hii, kwa hiyo ukiiona imelowa usidhani ni machozi, ni mate yake. Niwie radhi kwa wino mwekundu. Najua si adabu kumwandikia mzazi kwa wino wa kusahihishia makosa, lakini sababu yake utaijua kabla hujaikunja barua.

Ningekupigia, ila wewe simu unaiweka sauti ya juu, na kinyozi wa mlango wa pili huzima mashine yake ili asipitwe. Haya si ya kinyozi. Au tuseme, si yake bado.

Uliniuliza kama mkweo ametulia katika kazi yake mpya. Baba, hajatulia. Anakaa, anasimama, anakwenda getini, anarudi, anauliza simu yake iko wapi na huku ameishika. Simu sasa ni mbili, na ile ya waziri ikilia hata chakula huacha kutafuna. Mtoto amezoea kumfuata kwa macho, huku na huku, kama anayetazama mpira.

Unakumbuka alivyokuwa gazetini. Alianza kwa kusahihisha nukta na herufi kwenye matangazo ya vifo, akapanda hadi kiti cha mhariri, na njia nzima alikuwa na swali lake moja: nani kasema? Waandishi wakambatiza hivyo hivyo, Nani Kasema. Hata nyumbani nikimwambia chumvi imekwisha, anauliza nani kasema, nami namwonyesha kopo. Siku alipokuja kujitambulisha kwako ulimwambia binti yako ni mpishi hodari, naye akauliza nani kasema, ukacheka mpaka miwani ikaanguka. Uliniambia jikoni kwamba huyu hatanidanganya, maana hata yeye mwenyewe hajiamini bila shahidi.

Kisha waziri akamwita awe mshauri wake wa habari. Wewe ukasema mlinzi wa shamba kaajiriwa na nyani. Nilimfikishia, unanijua sina kifuniko cha mdomo. Alicheka, lakini meno tu ndiyo yaliyocheka.

Jambo moja halikubadilika. Tangu tuoane ananisomea kila anachoandika kabla hakijatoka. Husema mimi niliyeishia darasa la saba nikielewa, basi nchi nzima imeelewa. Nikikunja uso, anakata neno. Wakati wa gazeti nilikuwa nafurahi, najiona nami nina kazi pale. Siku hizi ananisomea taarifa za waziri huku mimi nafua, na uso wangu naushikilia usikunjike.

Sasa, ile habari iliyokuudhi. Gazeti lake la zamani liliandika juu ya wodi ya wazazi ya hospitali yetu, kwamba mabomba yamekauka na kina mama wanajifungua kwa maji ya kubeba. Mwandishi ni yule msichana aliyefundishwa kazi na mkweo mwenyewe, wanayemwita Sindano. Aliandika habari ya mama mmoja, bila jina, ambaye jirani yake alikuwa akikimbia kisimani na ndoo ya bluu ya rangi, na mtoto akatoka kabla maji hayajafika. Mkweo ndiye aliyeandika kanusho. Alinisomea nikiwa naanika nepi. Lilisema uchunguzi umeonyesha kuwa mama huyo hayupo, gazeti limemtunga. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Nikaanika nepi ile ile mara mbili.

Redio ikalisoma, nawe ukanipigia kuniambia gazeti limeoza tangu mkweo aondoke, kwamba sasa linazaa kina mama wa uongo, na kwamba hutalinunua tena. Nikasikia kinyozi anaitikia. Baba, nilikata simu nikakudanganya kuwa chaji imekwisha.

Baadaye waziri akatoa amri: hadi Ijumaa gazeti limlete mama huyo, ama liombe radhi na Sindano afukuzwe. Sindano akaniletea ujumbe kwamba nisiwe na wasiwasi, hatamtaja mtu, ndivyo alivyofundishwa na mume wangu. Ujumbe huo ndio uliovunja usingizi wangu.

Umeshajua, baba. Mama huyo ni mimi.

Siku ile mkweo alikuwa ziarani na waziri. Jirani aliyenipeleka ni mke wa mpaka rangi, na ndoo ni ya mumewe. Mkweo alipiga simu katikati ya makelele ya mkutano, akauliza kama mama na mtoto wazima, nikasema wazima, na ilikuwa kweli. Nilimhurumia, nikayaweka mengine moyoni. Sindano alipokuja kumwona mtoto akaniuliza uchungu ulikwendaje, nikamsimulia kama mwanamke kwa mwanamke. Alipoomba kuyaandika nikamruhusu. Nilifikiri mabomba yatatengenezwa. Sikufikiri nitafutwa duniani na mume wangu.

Jana alikuja kula mchana na taarifa nyingine, ameiandaa mapema, ya kupokea radhi ya gazeti. Akanisomea. Alipofika kwenye mama ambaye hayupo, nikamwambia sijaelewa. Hajawahi kulisikia neno hilo kwangu. Akarudia taratibu. Nikasema bado. Akaniuliza neno gani gumu, nikamwambia hilo la hayupo. Kisha, Mungu anisamehe, nikamuuliza nani kasema.

Akajibu ni mganga mkuu wa hospitali. Nikamwomba atazame pale bombani ninapolowekea nepi. Ndoo ile ile, baba, jirani aliniachia. Anairuka kila asubuhi akienda kazini, na alishanikemea niitupe kwa sababu inaharibu sura ya ua.

Aliiendea akasimama mbele yake. Akatazama ndoo, akatazama mtoto. Alisema nikijulikana, kazi yake imekwisha; nisipojulikana, ya Sindano imekwisha. Akaniuliza ninataka nini. Nikasema nataka kwenda gazetini. Hakusema nenda, hakusema usiende. Usiku kucha godoro lilikuwa linageuka upande wake na upande wangu.

Leo asubuhi dereva alipiga honi, mkweo akatoka, akarudi, akatoka tena. Alipoondoka nikaiona karatasi ya taarifa mezani, na juu yake kalamu yake nyekundu, ambayo tangu nimjue haijawahi kulala nje ya mfuko wake. Sijui ameisahau au ameniachia. Nimekaa nayo, na ndiyo hii ninayokuandikia.

Nilikuwa nafikia hapa alipopiga simu. Alitaka kujua nafanya nini. Nikasema namwandikia baba, kisha nambeba mtoto na ndoo tunakwenda. Halafu akasema nikusalimu sana, na nikuulize kama shamba bado linahitaji mlinzi.

Basi Ijumaa nunua gazeti, tafadhali, na umpe kinyozi asome kwa sauti. Nisalimie mama mdogo, na mwambie shuka aliyotuma imetufaa. Mjukuu wako anakusalimu kwa meno yote mawili. Tuombee, maana sijui jioni tutakula tukiwa nani, lakini najua tutakula pamoja.

Ni mimi mwanao, nipo,
Chiriku