Kidari cha Mkwe Kilichobaki Jikoni

Shangazi Raushan, salamu nyingi kutoka Taraz, na naomba uninusuru maana hapa naandika nikiwa maktabani huku mama anadhani nimekwenda kwa watu kuomba radhi.

Mimi nasoma udaktari mwaka wa pili, baada ya wiki tatu nina mtihani wa anatomia, kwa hiyo Shangazi kichwani mwangu hamna kitu ila mifupa, nikila nahesabu pingili, nikiona mtu anajikuna goti nataja kano, na katika hali hiyohiyo ndipo wazazi wa Sanzhar walipokuja naye kuleta posa, Sanzhar ambaye nampenda tangu shuleni, tukachinja kondoo, wageni wakajaa, na wifi yangu ambaye ndiye hupanga nyama kwenye masinia akakimbilia uani mtoto wake ameanguka, mama akaniambia, “Panga wewe basi, si ndiye fundi wa mifupa?”

Nikapanga, Shangazi, nikapanga kama mwanafunzi na si kama binti wa Kikazaki, mfupa wa paja nikauona una minofu kuliko yote nikampelekea Bi Kulyash, mama yake Sanzhar, nikidhani ndiyo heshima yenyewe, na mfupa wa nyonga nikauona matundu matupu nikampa dereva aliyewaleta, naye maskini akautazama ule mfupa wa wazee akaogopa hata kuugusa. Hayo yangesameheka. Lakini kidari, ambacho hata mtoto anajua mkwe wa kiume asipopewa ameambiwa arudi kwao, hicho sikukisahau kama wote wanavyodhani. Nilikiona sufuriani jinsi gegedu zilivyoshikana na mbavu moja moja, safi kuliko mchoro wowote wa kitabuni, nikakificha nyuma ya samovari, lile birika kubwa la chai, nikichore wageni wakiondoka, na nisikufiche, nilikichora.

Bi Kulyash aliweka kisu chini akasema polepole, “Jamani, kama jibu ni hapana mngetupigia simu tu, tusingechoma mafuta ya gari.” Mama akaapa kwamba ni bahati mbaya, bibi akasema, “Chuo kimemmaliza huyu mtoto,” na Sanzhar akawa anakoroga chai yake. Mwishowe Bi Kulyash akatoa masharti, posa ipo, harusi mwezi ujao, ila nisimamishe masomo mwaka mzima nikae kwake anifundishe nani hula nini, na mama ananihimiza nikubali upesi kabla hawajabadili nia, eti mwaka si kitu, wakati chuoni wameshaniambia nikitoka nafasi yangu anapewa mwingine. Niache chuo au nimwache Sanzhar, Shangazi? Na siri ya kidari niiseme au nife nayo?

Mwenye Mifupa, Taraz

Mwanangu Mwenye Mifupa,

Nimecheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Nilipomsimulia yeye hakucheka, maana na yeye ni mkwe wa watu.

Kisha nikakasirika, na wa kwanza ni wewe. Umekula nyama ya nyumbani kwenu miaka yote hiyo, usijue nyonga ni ya nani? Ulikuwa unatafuna umefumba macho? Na kumfichia mkwe kidari nyuma ya samovari si ujinga, ni uroho. Ila ni uroho wa elimu, na huo mimi husamehe haraka.

Siri iseme. Bi Kulyash sasa hivi anaamini ama mmemkataa mwanawe, ama mmelea mzembe, na ukweli wako ni mwepesi kuliko yote mawili. Nunua kidari kizuri, kichemshe kwa mkono wako, umpelekee pamoja na ule mchoro. Mwambie, “Mama, nisamehe, nilikitamani kwa macho.” Halafu mwombe akufundishe sinia zima kuanzia kichwa. Hiyo ni kazi ya Jumamosi moja, wala si ya mwaka. Aliyekariri mifupa yote ya binadamu hatashindwa na kondoo. Na mama yako mwambie kwa adabu kwamba mwaka si kitu kwa asiyeutoa yeye.

Sasa Sanzhar, ambaye hukuniambia yeye anasemaje. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mama yako kasema, mama yake kasema, bibi kasema, hata dereva nimemwona alivyoogopa. Huyo unayempenda tangu shuleni kakoroga chai. Haya, mbele ya wazee kijana hufunga mdomo, ndiyo adabu yetu. Lakini wazee si wameshaondoka? Mbona bado kimya?

Mpigie leo, kabla hujanunua nyama. Muulize, “Wewe unataka niache chuo?” kisha nyamaza, usimsaidie kujibu. Akisema hataki, atangulie yeye kumwambia mama yake kwa mdomo wake, na wewe uingie na sinia nyuma yake. Akisema “mama ndiye anayejua,” basi umeshajibiwa, nawe ulie siku mbili tatu, unawe uso, urudi maktabani.

Lolote atakalosema, mtihani unaufanya siku yake. Tarehe inayoweza kusogezwa hapo ni ya harusi.

Shangazi Raushan