Maji Machungu Niliyowaletea

Dada yangu mpendwa Fumie,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini mvua za mwezi huu hazijakuzidishia kikohozi, na shangazi unayeishi naye hajambo. Sisi wazima. Mama amepanda mabilinganya na kila siku anauliza kama umeandika.

Kiwandani ningali karani wa mizigo. Tangu Februari chumvi yetu inatoka nyeupe kama unga, na wakubwa wanachekelea. Bwana Nukada wa maabara alinieleza sababu mapema. Zile tando za plastiki, ambazo umeme huvutia chumvi ya bahari ipite ndani yake, zimepakwa dawa mpya usoni. Alisema sasa zina bawabu kama wa bafu la mtaani: sodiamu mwenye chaji moja anaambiwa pita bwana, magnesiamu mwenye chaji mbili anaambiwa rudi na mizigo yako. Kisha akanionya kwamba mteja yeyote akisikia, nitafute kazi kwingine.

Dada, magnesiamu ndiyo inayogandisha maziwa ya soya yawe tofu. Yale maji machungu yanayobaki chumvi ikishatolewa, niliyokuwa nikiwaletea kwa baiskeli kwenye duka la tofu la wakwe zako, yalikuwa yamekwisha nguvu.

Siku mama mkwe wako alipokukalisha mbele ya ukoo, akasema una mikono ya moto, na kwamba mke anayegeuza tofu kuwa uji ataiua nyumba, shemeji Heikichi, mume wako, alitazama mkeka tu. Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Nilijua. Nikanywa chai, na wewe ukafukuzwa.

Jumapili nilikwenda kuwaambia wakwe zako ukweli. Mama mkwe wako alisema kalamu imenifundisha uongo. Akajifunga kitambaa kichwani, akakoroga mwenyewe maji yangu katika maziwa ya soya, kwa mikono yake anayoisifia ubaridi. Ukatoka uji. Akaketi juu ya ndoo, akaniuliza polepole, sasa wewe mtoto, ulikuwa unangoja nini? 

Wamenituma nikuombe urudi. Shemeji atakufuata Jumamosi; amepata maji machungu ya aina ya zamani kutoka kisiwa kimoja. Ujumbe nimeufikisha. Mimi mwenyewe sikuombi. Usipotaka kwenda naye, Mama ameshaanika godoro lako.

Bwana Nukada bado hajaniita. Kila mlango ukifunguliwa, nasimama.

Nisalimie shangazi, na ujifunike vizuri usiku.

Ni mimi mdogo wako niliyenyamaza,
Tokuji